Mbuzi wa Akika Alivyonilaza Wodini na Kunitenga na Mwanangu

Salaam wakuu, na nyie mlio kazini na simu chini ya meza nawasalimu pia.

Leo nimekaa barazani napumua vizuri, nikaona hili lazima niliandike. Sitii chumvi hata punje. Mke wangu yumo humu jukwaani, nikidanganya ataniumbua hapo chini.

Mie ni mtu wa Kisauni, naendesha foklifti kwenye ghala moja Changamwe. Mke wangu Mwanaisha alijifungua binti, wa kwanza huyo, na tulimngoja miaka, acheni tu. Nilipomwadhinia sikioni sauti ilinitetemeka mpaka mkunga akanicheka.

Sasa kwetu mtoto akizaliwa kuna akika. Siku ya saba unamchinjia mbuzi, ananyolewa nywele, watu wanakula na kumwombea dua. Mie na kiherehere changu sikungoja mtu wa kunisindikiza. Nikaenda kwa wauza mbuzi Mwakirunge peke yangu, nikachagua mbuzi jike mwenye tumbo kubwa kuliko wote.

"Huyu amenona," nikamwambia muuzaji.

Muuzaji akanitazama, akamtazama mbuzi, akasema, "Amenona kweli, bwana."

Mama mkwe wangu, Bi Rehema, alikuwa amekuja kumlea mwanawe arubaini. Alipomwona mbuzi tu akashika kiuno.

"Mwanangu, huyu mbuzi ana mimba."

Nikabisha. Jamani, mtu wa foklifti nabishana na Bi Rehema habari za mimba!

Siku ya saba haijafika, mchana baada ya adhuhuri, mbuzi akajilaza uani akaanza kusukuma. Mama mkwe ameenda sokoni, Mwanaisha yuko chumbani na kichanga. Nimebaki mie.

Nikakunja mikono ya shati nikamzalisha kwa mikono mitupu. Mwanambuzi akatoka kimya, hapumui. Nikamfuta uso kwa shati langu, nikaweka mdomo puani mwake nikampulizia. Nikampulizia tena.

Akanipigia chafya usoni.

Wakuu, nilifurahi kama mjinga! Nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia ukutani. Kisha nikazoa kondo la nyuma kwa mikono ile ile nikalizika.

Akika ikaahirishwa, maana mbuzi anayenyonyesha utamchinja vipi? Bi Rehema akasema sasa nyumba ina wazazi wawili, labda awapikie wote uji wa pilipili manga.

Wiki mbili hivi baadaye homa ikanikamata. Kichwa kinapasuka, jasho mpaka godoro linalowa, kikohozi kikavu. Zahanati wakapima malaria, hamna. Wakanipa dawa za nimonia nikazimaliza zote, na homa wala haikushtuka.

Nikaenda hospitali, wakanipiga eksirei, wakaona kivuli kwenye pafu. Daktari akasema lazima tupime kifua kikuu.

Nyumbani Bi Rehema akachukua ufagio akasimama mlango wa chumbani.

"Nakupenda mwanangu, lakini kwa kichanga hupiti."

Na haki alikuwa nayo. Nikalala ukumbini, namsikia mwanangu akilia nyuma ya pazia, siwezi kumshika. Hiyo iliniuma kuliko kifua.

Pumzi zikazidi kubana, nikalazwa. Makohozi yakapimwa, kifua kikuu hakuna. Yakapimwa tena, hakuna. Homa iko pale pale.

Daktari wangu, mama mmoja wa makamo asiyependa kuzungukazunguka, aliniambia ukweli.

"Bado sijui ni nini. Mpaka nijue, mtoto usimkaribie."

Wakuu, hapo niliogopa. Niliwaza binti yangu atakuja kunijua kwa picha. Wallahi nilijifunika shuka nikalia.

Kumbe siku ya kwanza daktari alikuwa ameniuliza, "Unafuga wanyama? Mbuzi, ng'ombe, ndege?" Nikamjibu sifugi, tena kwa kujiamini. Kwangu mie, mfugaji ni mtu mwenye zizi. Mbuzi wa akika hafugwi, ni mgeni wa siku chache tu.

Basi asubuhi moja daktari yuko kwenye raundi, Mwanaisha akanipigia simu ya video nimwone mtoto. Kalala, mashallah, mdomo wazi. Mara simuni: Meee! Halafu kisauti chembamba: mee!

Daktari akaacha kuandika. "Huyo nani?"

"Mbuzi, daktari."

"Si umesema hufugi?"

"Sifugi. Huyo ni wa akika ya mtoto."

"Na huyo mdogo?"

Nikamsimulia kwa majivuno, nilivyozalisha na nilivyopuliza. Daktari akakaa kitandani kwangu.

"Ulimpulizia kwa mdomo wako?"

"Si alikuwa hapumui, daktari!"

Nesi akageukia ukuta, mabega yanamtikisika.

Daktari akanieleza kuna bakteria wanaokaa kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe. Mnyama akizaa, wanajaa kwenye maji ya uzazi na kondo, wanaruka hewani, mtu anawavuta. Ugonjwa unaitwa homa ya Q. Kuugundua ni shida kwa sababu unafanana na kila kitu, na dawa nyingi za kawaida za nimonia haziuwezi.

Damu yangu ikapelekwa maabara ya mbali. Hakungoja majibu, siku ile ile akanianzishia vidonge vya doksisaiklini. Akawaita Mwanaisha, mama mkwe na mtoto wachunguzwe. Alhamdulillahi, wote wazima. Akaniambia pia ugonjwa huu ni nadra sana mtu kumwambukiza mtu.

Siku chache tu jasho likakauka. Majibu yalipokuja, ndiyo yenyewe. Wakanipima na moyo, maana wadudu hawa wakiachwa wanaweza kujificha huko, na bado narudi kupimwa damu.

Nikafika nyumbani arubaini ndiyo inaisha. Bi Rehema yuko mlangoni, safari hii hana ufagio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeoga?"

"Nimeoga, mama."

"Na huo mdomo?"

"Na mdomo pia, mama."

Akanitazama weee, kisha akaingia ndani akatoka na binti yangu. "Haya, mshike mwanao."

Nikampokea, machozi yananitoka, nikainamisha uso kumnusa.

Akanipigia chafya.

Nyumba nzima iliangua kicheko. Nilisimama pale uso umelowa, wala sikutaka kuufuta.

Akika tumeifanya na mbuzi dume aliyechaguliwa na Bi Rehema mwenyewe. Yule jike na mwanawe tuliwaitia daktari wa mifugo, na maziwa yake hatuyagusi bila kuchemsha.

Nilichojifunza, mnyama akizaa vaa glavu, ziba pua na mdomo, na kupuliza waachie wenye ujuzi wao. Na daktari akikuuliza habari za wanyama, mtajie hata kuku wa jirani.

Haya, nanyi semeni. Nani humu amewahi kumjibu daktari "hapana" kumbe jibu liko uani linalia? Nitawajibu baadaye kidogo, binti ameamka na leo zamu ya kumbeba ni yangu.