Ng'ombe Aliyetazama Njia

Juzi, hapa Somanda, kitinda mimba wetu niliyemlea tangu tubaki yatima alirudi kutoka shule na picha aliyoichora. Nilikuwa nachagua mchele. Akaiweka juu ya ungo. "Dada, nzuri?"

Nusura niseme nzuri, nimrudishie. Nikamkumbuka mwalimu wangu wa darasa la nne.

Unajua tulivyolelewa kule Meatu: kazi ya mtu mzima mtoto haitoi kasoro. Ukipewa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, hata iwe migumu unatafuna na kushukuru. Sasa mwalimu yule akatupeleka darasa zima kwa bibi yangu, kuutazama ukuta wake. Bibi aliukandika kwa udongo na samadi, kisha akachora kwa udongo mweupe msururu wa ng'ombe wakiingia zizini.

Tukapiga magoti. "Mwangaluka, bibi." Akaitikia, akarudi jikoni kukaanga karanga.

"Mnaona nini?" mwalimu akauliza.

"Mzuri, mwalimu," tukajibu wote.

"Sijauliza kama ni mzuri. Hilo litakuja mwisho. Kwanza semeni macho yanaona nini."

Mimi nilikuwa nimeona kitu, ila niliogopa. Tangu mama afariki, bibi ndiye aliyetulisha. Sikutaka asikie mjukuu wake akimkosoa mbele ya watu. Mwalimu akanitazama, akangoja. Nikasema, "Wenzake wanaingia zizini. Huyu mmoja amegeuka, anatazama njia."

Wakacheka. "Leo utalala njaa, wewe," mwenzangu wa dawati akaninong'oneza.

Bibi akatoka na mwiko mkononi. Akautazama ukuta kwa muda. "Huyo alikuwa wa mama yako. Tangu tumzike, kila jioni alisimama hivyo. Nilidhani ni mimi tu niliyemwona." Kisha akatugawia karanga za moto viganjani, mimi akaniongeza.

"Sasa," mwalimu akasema taratibu, "ni mzuri?"

Tukaugeukia ukuta kwanza, tukautazama upya.

Mwaka uliofuata baba naye alifariki, nikaacha shule nilee wadogo zangu. Bibi hayupo tena. Ukuta ulianguka kwa mvua, na pale imesimama nyumba ya matofali, safi, haina ng'ombe hata mmoja. Harufu ile ya udongo mbichi na karanga siipati popote. Swali la mwalimu ninalo bado.

Nikaweka ungo chini. "Naona nyumba," nikamwambia mdogo wangu. "Naona njia, na watoto wawili wenye sare kwa mbali. Huyu wa kitenge mlangoni ni mimi? Mbona umenichora kisogo?"

"Unatazama njia," akasema. "Unatungoja tutoke shule."

Hapo ndipo nilipomwambia ni nzuri.