Inchi Sita za Zege

Kwa miaka ishirini na saba Arlys Krueger alifanya kazi akiwa amelala chali. Gereji ya breki na matairi alikoajiriwa, nje kidogo ya mji wa Manitowoc, ilikuwa na nafasi nne za magari. Tatu zilikuwa na lifti: gari linaingia, mikono ya chuma inalishika tumboni, linapanda juu, na fundi anasimama wima chini yake. Ya nne ilikuwa sakafu tupu. Hapo fundi alipiga jeki, akaweka stendi, akajilaza kwenye kibao chenye magurudumu na kujisukuma uvunguni. Arlys alipewa hiyo ya nne siku yake ya kwanza. Norbert, mwenye gereji, alimwambia kila mgeni anaanzia hapo.

Wageni wengine walikuja baada yake. Mmoja alipewa lifti kwa kuwa alikuwa mrefu. Mwingine kwa kuwa mgongo ulimsumbua. Wa tatu hata sababu hakutafutiwa.

Mwaka wa tisa Arlys aliuliza. Norbert alikuwa anakula sandwichi, akamaliza kutafuna kwanza.

"Arlys, wewe mwembamba bwana," akasema. "Unateleza kule chini kama samaki. Nikimlaza mwenzako Dale, na tumbo lile, kwenye kibao, si itabidi niite zimamoto waje kumchomoa?"

Wanaume wakacheka. Arlys naye akacheka, na kicheko hicho ndicho alichokuja kujilaumia kuliko kitu kingine chochote maishani mwake. Hakuuliza tena. Kila msimu wa baridi magari yaliingia na theluji chafu, iliyojaa chumvi ya barabarani, na joto la gereji likaiyeyusha ikamdondokea machoni na ndani ya kola. Alijifunza kufungua nati zilizoliwa na kutu huku amefumba jicho moja.

Alikuwa na miaka arobaini na saba walipojenga karakana nyumbani, yeye na mumewe Duane. Duane alikuwa dereva wa lori la maziwa, mtu wa utani, anayependwa kila shamba alilopita kuchukua maziwa. Arlys alimwomba mambo mawili tu. Paa liwe juu futi kumi na mbili, na sakafu iwe zege la inchi sita.

"Inchi sita za nini, mke wangu? Unaleta treni?"

"Ipo siku nitaweka lifti. Ya nguzo mbili. Ile inafungwa sakafuni kwa bolti, na sakafu ikiwa nyembamba bolti hazishiki."

"Basi sita. Umepata sita zako."

Siku ya kumwaga zege Arlys alikuwa kazini. Alirudi jioni akakuta sakafu imelala kama kioo, na Duane na kaka yake Gordy wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, wanakunywa bia, matope ya saruji mpaka kwenye nyusi. Alichukua rula yake ya chuma akapima ukingo wa mlangoni. Inchi sita kamili. Akambusu Duane pale pale kwenye paji la uso, mbele ya shemeji yake, jambo ambalo si kawaida yake.

Miaka kumi na minne ikapita, sakafu ikakaa tu na mashine ya kukatia majani na masanduku ya mapambo ya Krismasi. Halafu Norbert akauza kiwanja, gereji ikabomolewa. Arlys alikuwa na miaka sitini na moja, na bega lake la kulia lilikuwa limegoma kuinua mkono juu ya sikio. Lakini wateja walikuwa na namba yake ya simu. Walipiga. Mwezi wa Januari akajaza meza ya jikoni vipeperushi vya lifti.

Alizijua zote kabla ya kusoma. Kuna ya mkasi, inayolala sakafuni na kunyanyuka kwa kujikunjua. Nafuu, ila inaziba katikati ya gari, mahali hasa unapotaka kufanyia kazi. Kuna ya nguzo nne: gari linapanda kwenye reli mbili na kusimama juu ya matairi yake, kama limeegeshwa hewani. Nzuri kwa kumwaga oili au kuhifadhi gari la kifahari wakati wa baridi. Lakini fundi wa breki anataka magurudumu yaning'inie huru, na hilo ni la nguzo mbili.

"Nne ni salama zaidi," Duane alisema, ameegemea friji.

Arlys akainua macho. Duane hakuwa mtu wa kuuliza habari za karakana. "Salama kwa nani?"

"Kwako. Hiyo ya nguzo mbili gari linaning'inia kama nguo kwenye kamba. Likija kukuangukia?"

"Haliangukii. Zege likiwa zuri, nguzo haing'oki."

"Mimi nasema tu," Duane akasema, akatoka.

Hakuishia hapo. Siku mbili baadaye alileta karatasi aliyochapishiwa maktaba, habari ya mtu aliyeangukiwa na gari kutoka kwenye lifti huko Iowa. Asubuhi akimimina kahawa alirudia: nguzo nne, Arlys, fikiria. Ijumaa walikwenda kula samaki wa kukaanga kwenye baa ya karibu na ziwa, kama kila Ijumaa, pamoja na Gordy na mkewe Marlene, na Duane akalisema mbele yao.

"Sitaki kufungua mlango siku moja nimkute mke wangu amelaliwa na gari. Nimekosea nini hapo?"

"Hujakosea kitu," Marlene akasema. "Arlys, msikilize mumeo. Wangu mimi hata nikipanda ngazi kubadilisha taa hageuki."

Gordy, ambaye hakosi neno, alikuwa anamkamulia samaki limau.

Njiani kurudi Arlys alitazama uso wa Duane kwenye mwanga wa dashibodi na akasikia kitu kikilegea kifuani. Katika miaka yote ya kuamka na shingo iliyokakamaa hakuwahi kusikia mumewe akimhofia. Pengine alikuwa hajui kusema, akawaza. Pengine alikuwa anajifunza sasa uzeeni. Mpaka wanafika nyumbani alikuwa karibu ameshaamua kuchukua ya nguzo nne, ampe mtu huyu amani ya moyo. Breki angezifanya kwa kuongeza jeki juu ya reli. Angezoea. Alizoea mengine.

Hata hivyo alimwita fundi wa kufunga lifti aje kuangalia, kwa sababu hakuna kitu alichowahi kukinunua bila kukipima. Fundi aliitwa Hector, mtu wa makamo mwenye miwani, aliyekuwa amefunga lifti kwenye nusu ya mashamba ya kaunti ile. Alipima paa, akasifu. Kisha akachomeka drili, akapiga magoti pale ambapo nguzo ya kushoto ingesimama, akaanza kutoboa.

Drili ilizama mapema mno. Arlys aliusikia mlio ukibadilika, kama kisu kinapotoka kwenye ganda na kuingia kwenye nyama ya tikiti. Hector alihamia upande wa kulia akatoboa tena. Akatoboa ya tatu katikati. Kisha akachukua waya uliokunjwa ncha, akauingiza tunduni, akaunasa chini ya zege, akaweka kidole na kuupima.

"Mama, nani alimwaga sakafu hii?"

"Mume wangu na kaka yake."

"Inchi mbili na robo tatu," Hector akasema. "Kule mbili na nusu. Chini ni mchanga."

"Mlangoni ni sita. Nilipima mwenyewe."

Hector akaenda mlangoni, akachuchumaa, akatazama ukingo. Akatoboa futi moja ndani kutoka pale. "Mlangoni ni sita, ndiyo," akasema polepole. "Mlangoni peke yake."

Arlys aliuliza kwa sauti ya kazi, kama anaulizia gari la mtu. "Ningefunga nguzo mbili hapa ingekuwaje?"

"Ingepanda vizuri tu. Wiki, mwezi. Halafu siku moja bolti zinachomoka na nguzo inalala. Nawe uko chini."

"Na nguzo nne?"

"Hiyo ingekaa hapa bila wasiwasi. Uzito unagawanyika."

Alimwandalia Hector kahawa, akamshukuru, akamsindikiza mpaka kwenye gari lake. Kisha akaingia jikoni, ambako Duane alikuwa anamenya mayai ya saladi ya viazi.

"Mbili na nusu," Arlys akasema.

Duane hakuuliza mbili na nusu za nini. Aliendelea na yai alilolishika, akalimaliza, akaliweka kwenye bakuli.

"Gordy alikuwa anataka kumalizia sakafu ya pale anapoegeshea boti," akasema. "Lori lilikuwa limekuja tayari. Tukaona lote hilo kwa ajili ya mashine ya majani, ni kuzika zege bure."

"Nilikwambia ni la lifti."

"Ulisema ipo siku. Watu wanasema ipo siku, Arlys. Mimi nilikuwa nasema nitakwenda Alaska."

"Na ukingo wa mlangoni?"

Duane akayakusanya maganda mezani.

"Duane. Ukingo wa mlangoni mliufanya mnene kwa nini?"

"Gordy alisema utapima."

Arlys alivuta kiti akakaa. Kilichomuuma hakikuwa zege. Alikuwa anaiona ile njia ya kurudi nyumbani Ijumaa, na yeye akiyeyuka kwenye kiti cha abiria kwa mapenzi. Na hofu ya Duane haikuwa ya uongo, hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Aliogopa kweli kweli. Alijua gari litaanguka kwa kuwa yeye ndiye aliyeitega sakafu.

"Ningeng'ang'ania nguzo mbili, nikamleta fundi asiyetoboa kwanza, ungesema?"

"Ningesema."

"Lini?"

Duane alichukua yai lingine, akaligonga kwenye ukingo wa meza, akaanza kulimenya. Arlys alisubiri mpaka ganda lote likaisha. Kisha akainuka.

Siku iliyofuata Duane alikuja na suluhisho: yeye na Gordy wangekata sakafu na kumwaga upya. "Gordy akikanyaga karakana yangu," Arlys akamjibu, "atatoka na drili mguuni." Alimpigia simu Hector. Wakakata mapande mawili, kila moja futi nne kwa nne, wakachimba mpaka udongo mgumu, wakafunga nondo. Lori la zege lilipofika Arlys alisimama hapo na kipande cha nondo alichokitia alama ya kina, akakichomeka kwenye zege mahali patano, na dereva akamwangalia kwa subira, bila kujua anaadhibiwa kwa kosa gani. Wakasubiri wiki nne zege likomae. Duane alipita mara kwa mara, akasimama mlangoni, akauliza kama kuna kitu cha kubeba. Hapakuwa na kitu.

Mwezi wa Aprili lifti ya nguzo mbili ikasimama. Gari la kwanza lilikuwa la mwalimu mstaafu wa jirani, breki za nyuma. Arlys alibonyeza kitufe, likapanda. Kwa mara ya kwanza maishani maji ya chumvi, ya theluji ya mwisho ya msimu, yalidondoka mbele yake na si juu yake, yakatengeneza kidimbwi sakafuni, naye amesimama pembeni akiyatazama.

Akanyoosha mkono juu kushika nati ya kwanza, na bega likakataa.

Akajaribu tena, kwa kukunja kiwiko, kwa kupinda kiuno. Mkono ulifika usawa wa sikio ukaishia hapo. Ukisimama chini ya gari, kazi yote iko juu ya kichwa chako. Jambo hilo kila fundi wa lifti analijua, na yeye katika kupima kote kule, paa, sakafu, nguzo, hakuwa amejipima mwenyewe. Alishusha gari mpaka usawa wa kifua, akavuta kigoda, akakaa na kufanya kazi hivyo, ameinama kama mtu anayekamua ng'ombe. Kazi aliyozoea kuimaliza kwa asubuhi nzima ilikwisha kabla chai haijapoa. Hakufurahi. Alikaa kwenye kigoda, spana mapajani, akiwaza jinsi ilivyokuwa rahisi, na jinsi wanaume watatu walivyokuwa wakiisikiliza redio na kupiga mluzi huku wakiifanya hivyo, mita chache kutoka miguuni pake, mwaka baada ya mwaka. Alilia kidogo kwa hasira, akajifuta kwa kitambaa cha oili, akafunga gurudumu.

Ijumaa ile Duane alichangamka kwa samaki na bia. "Tumeikata sakafu wenyewe," alimwambia mhudumu wa baa, "tukaimwaga upya. Sasa mke wangu ana lifti nzuri kuliko gereji yoyote mjini."

"Sakafu ilikatwa kwa kuwa mlimwaga inchi mbili na nusu," Arlys akasema, bila kupandisha sauti. "Zege jingine liko chini ya boti ya Gordy. Mlangoni mkaacha sita ili nisijue."

Mhudumu akakumbuka ana kazi jikoni. Gordy akatazama ziwa.

"Arlys, jamani," Marlene akasema, "leo ni Ijumaa."

"Najua ni siku gani."

Hawakwenda tena wanne. Baadaye Duane akawa anakwenda peke yake.

Msimu wa majani kuanguka, breki za pikapu ya Duane zikaanza kusaga. Aliiendesha hivyo wiki nzima, kisha akaja mlangoni pa karakana, kofia mkononi.

"Naona breki zinalia."

"Nazisikia tangu Jumatatu."

"Una nafasi?"

Arlys alitazama daftari la wateja. "Alhamisi. Acha funguo mezani."

Alhamisi aliipandisha pikapu, akaishusha usawa wa kifua, akakaa kwenye kigoda. Alibadilisha pande zote mbili, akasafisha, akakaza kila bolti na kuirudia, kwa kuwa hakujua kufanya breki vibaya hata kwa mtu ambaye angestahili. Akarudisha funguo mezani. Duane alisema asante. Akasubiri, huenda angeambiwa kitu, na alipoona haambiwi akazitia funguo mfukoni akaenda zake.