Mrija wa Baba

Juzi mwanangu aliniuliza maana ya neno "reformed" katika zoezi lake la Kiingereza. Nikamwambia ni mtu aliyeacha mabaya akawa mwema. Papo hapo nikasikia harufu ya pombe ya ndizi, kama vile iko chumbani.

Kwetu Makere wanaume walizunguka mtungi mmoja wa pombe hiyo, kila mtu na mrija wake. Jumapili moja mchana, nikiwa mtoto, baba alirudi kutoka kanisani, akauvunja mrija wake na kuutia motoni. Mama alipiga vigelegele. Jirani yetu mwalimu akamwita baba kwa neno hilohilo, nami nikadhani ni cheo.

Baba akaketi mlangoni peke yake. Nyuma ya migomba wenzake walikuwa wakicheka.

"Baba, mbona hawaji kukusalimu?"

"Nitawapa nini, mwanangu?"

Nilidhani watu wema hupenda kukaa kimya, nikajivunia baba yangu. Aliketi pale mlangoni miaka yote, hata alipougua.

Siku tuliyomzika walikuja wote. Walizunguka mtungi uani kwetu, wakaacha nafasi moja wazi.