Jibini ya Pembe Nne

Mtu akikuambia jibini lazima iwe ya mviringo, mlete kijijini kwetu Karuba aione ikianguka kutoka kwenye pikipiki. Inabingirika mlimani mpaka mtoni, na mwenye pikipiki anabaki ameshika kiuno. Mama Drocella, jirani yangu, alichoka kuzikimbiza jibini zake. Akachonga kalibu ya mbao yenye pembe nne, akaapa kwamba jibini isiyobingirika itajulikana kwa jina lake hadi Masisi.

Ya kwanza alituonjesha nyumbani kwake. "Iko muzuri, Mama," tukasema wote, huku tukitafuna kitu kigumu kama kisigino. Kwetu mgeni hasemi vibaya maziwa ya nyumba aliyokaribishwa. Afadhali jino livunjike. Drocella si mjinga. Alituona tukimeza kwa shida, akajua sifa zetu hazitamsaidia kurekebisha chochote.

Ya pili akatuonjesha njiani, akasema imetengenezwa na wifi yake Tumukunde, ambaye maishani mwake hajawahi kugandisha maziwa. Lo, ndimi zikafunguka.

"Chumvi imezidi," akasema mmoja.

"Hizi kona ziko nguvu, zitaua muntu," akasema mwingine.

Mimi nilisema inanuka sabuni, na msimamo wangu ni huo huo mpaka leo. Drocella alisikitika kwa uongo, akarudi nyumbani kupunguza chumvi na kulainisha pembe za kalibu. Kila jaribio jipya likawa la Tumukunde, na kila tulipoliponda, likatengenezwa upya.

Mwishowe ikatoka jibini laini, tamu, inayotulia kwenye pikipiki. Papa Luc, mnunuzi kutoka Masisi, akasikia habari zake, akapanda Karuba. Drocella alimsubiri mlangoni amevaa kitenge kipya. Pikipiki ikampita, ikasimama kwa wifi yake.

Alikimbia mpaka huko, akihema. "Papa Luc, ile fromaji, ile jibini ya pembe, njo yangu. Miye njo nilitengeneza."

Papa Luc akamtazama kwa huruma. "Mama Drocella, usifanye vile. Karuba yote inajua njo ya Tumukunde."

Tumukunde, aliyekwisha kupokea oda, akamvuta wifi yake pembeni. "Nimeshamukubalia, dada. Sasa, inatengenezwaka namna gani?"

Siku hizi jibini ya Tumukunde inasifiwa hadi Masisi, na Drocella anaamka alfajiri kuitengeneza. Inamuuma sana. Ukimkuta anaila, muulize kama ni tamu. Atakuambia chumvi imezidi.