Dawa Tuliyogawana Kama Mzigo wa Mitumba

Shilingi mia mbili hamsini. Ndiyo bei niliyolipa, mwanangu, baada ya kumteremsha mwenye duka la dawa kutoka mia tatu ishirini, na nilitoka pale nikijisifu. Bei nyingine ililipwa na mtu mwingine, ndiyo maana nakuandikia haya na uso umeniwaka.

Siku ile naikumbuka vizuri. Mimi na Chepkoech tulikuwa wasichana wa mitumba, Nakuru mjini. Tulinunua mzigo mmoja kwa shirika, tukaufungulia sakafuni kwake, mtaa wa Section 58, tukagawana: sketi yangu, sketi yako. Hatukuwahi kugombana.

Wakati huo nilikuwa nawashwa huko chini, natokwa na uchafu mweupe, mzito, kama maziwa yaliyokatika. Chepkoech, mwenye mimba ya miezi sita, hakuwashwa. Yeye alitokwa na maji mepesi ya kijivu yenye harufu ya samaki, hata akaanza kusimama mbali na wateja. Akaniambia anataka kwenda kuuliza kliniki ya wajawazito.

"Kliniki? Upange foleni hadi mchana, halafu vile visichana vya uuguzi vikuulize umetembea na nani?" nikamwambia. "Shida yetu ni huko huko chini. Tununue pakiti moja, tugawane."

"Na kama si ugonjwa mmoja?"

"Chep, umekuwa daktari tangu lini?"

Dukani nikaanza kazi yangu. "Boss, hiyo bei ni ya watalii wanaokuja kuona flamingo ziwani."

"Madam, dawa si nyanya," mwenye duka akasema, lakini akapunguza. "Ni ya nani?"

"Yangu," nikajibu. Ilikuwa nusu ya ukweli.

Vidonge sita vya kuweka ukeni, dawa ya fangasi. Vitatu vyangu, vitatu vyake.

Muwasho wangu ulitulia, kisha ukarudi na hasira. Nikaenda kliniki kimya kimya. Muuguzi akachukua sampuli, akaniambia ni fangasi kweli, ila nimeikata dozi katikati. Nikamuuliza, kana kwamba ni habari za jirani wa mbali, juu ya harufu ya samaki. Akaacha kuandika.

"Hiyo mara nyingi ni bakteria. Dawa ya fangasi haiigusi. Huyo jirani ana mimba?"

"Anayo."

"Basi aje leo. Hiyo kitu inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Mwambie."

Jioni nilimkuta Chepkoech akijiosha ndani kwa sabuni na maji ya chumvi, jinsi nilivyomfundisha mwenyewe. Akaniuliza, "Si imepungua kidogo?" Nikasema imepungua. Ningemwambia vipi kwamba nimekosea, mimi niliyemcheka? Nikajiambia Jumatatu. Jumatatu tukafungua mzigo. Wiki ikapita, na nyingine.

Uchungu ulimshika kabla mimba haijatimiza miezi minane. Mtoto aliwekwa kwenye kisanduku cha joto, mdogo hadi unaogopa kumtazama. Mama mkwe wake akasimama kando ya kitanda: "Si nilikuambia uache kubeba mizigo? Sasa unaona?"

Chepkoech akanitazama. Alitaka niseme kwamba mizigo nilibeba mimi, na ni kweli, tangu tumbo lionekane sikumwacha ashike hata mfuko. Nikasema, "Kweli, mama, alikuwa anajisumbua sana."

Mtoto aliishi, Mungu ashukuriwe. Lakini watu wa mume wa Chepkoech walimpeleka yeye na mtoto shambani Bahati, na biashara ikaishia hapo. Nafasi yake sokoni niliichukua mimi. Hakuna aliyeniambia kwa hakika kwamba ni ule ugonjwa uliomharakisha mtoto. Lakini nilijua cha kumwambia, na nilinyamaza.

Kwa hivyo, mwanangu, magonjwa ya huko chini hayafanani, hata yakikaa mahali pamoja. Kuna fangasi, kuna bakteria, kuna mengine ya kuambukizana ambayo lazima na mwenzako atibiwe. Nenda upimwe kabla ya kununua. Sema kama una mimba. Maliza dozi hata ukipata nafuu. Usijioshe ndani kwa sabuni wala chumvi, na dawa yako usimgawie mtu, hata akiwa ni kama dada. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Mungu akutunze mwili, akupe na kinywa cha kusema kabla hujachelewa.

Sasa nami naomba ushauri wako. Juzi Chepkoech alinipigia simu, mwanawe, yule wa kisanduku cha joto, anaoa. Akaniambia atamkataza huyo msichana anayeolewa kubeba vitu vizito akipata mimba, "asije akafanya kosa langu." Nikampongeza, nikakata simu. Jumamosi nakwenda Bahati. Niambie wewe: nimwambie ukweli tukiwa wawili tu, au mbele ya mwanawe?