Madumu ya Formalini

Bosi wangu wa maabara alikuwa na kinyaa kuliko watu wote niliowahi kufanya nao kazi. Tulihifadhi sampuli za samaki wa ziwani kwa formalini, dawa kali yenye sumu, na kila alipoimimina alivaa glovu mbili mbili, miwani na barakoa, uso kaugeuzia dirishani. Ukisahau kuwasha feni ya kutoa mvuke, atakusema mpaka mchana. Mimi nilikuwa mgeni Kigoma, nimehamia kutoka Tanga, na kwa uangalifu wake huo nilimheshimu.

Dumu likiisha tulilitoboa kwa msumari na kulifungia stoo, lisije likatumika tena. Siku moja akaniambia niyaache madumu, atayatoboa mwenyewe. Nikashukuru kupunguziwa kazi. Huku Kigoma dumu gumu lenye mfuniko wa kubana linatafutwa sana, maana mafuta ya mawese yakisafiri kwenye boti ndani ya dumu bovu, yanafika nusu na nguo za abiria zimekuwa nyekundu. Nililijua hilo, lakini kwa bosi wangu sikuliwazia kabisa.

Jumapili moja akanialika chakula kwake, Ujiji. Mama yake alitupakulia ugali, samaki aina ya migebuka na maharage ya mawese, tukala watatu. Nilikuwa nimeshameza matonge kadhaa pale mama alipovuta dumu kutoka pembeni, anijazie chupa ya mawese ya kuondoka nayo. Alipolifungua, harufu ya formalini ikanichoma pua. Nikatazama ubavuni mwa dumu. Palikuwa na tarehe niliyoiandika mimi maabara kwa kalamu ya wino mzito.

Nikamtazama bosi, naye alikuwa ameshaisikia ile harufu. Alisogeza sahani yake taratibu, akasema ameshiba. Mama yake akamega tonge jingine, akalichovya kwenye mchuzi, na mwanawe akamwangalia tu mpaka likaingia mdomoni. Sijawahi kumchukia mtu kwa kasi ile.

Nikamshika mama mkono. Nikamwambia asile tena, dumu lile lilikuwa la sumu ya kazini. Bosi akadakia kwamba aliliosha vizuri, kwa sabuni, majivu na maji ya moto. Mama akatutazama kwa zamu.

“Na lile lingine, mwana wanje?” akamuuliza mwanawe, akimwita mwanangu kwa Kiha. “Si nimempelekea mkeo kwao jana, kwa boti ya kwenda Mwamgongo? Kajifungua juzi tu, nilitaka apikiwe vizuri.”

Hapo ndipo bosi aliposimama. Alitoka na simu mbio, peku, na sisi tuliobaki ukumbini tulimsikia akimwita mkewe kwa sauti, mtandao unakata, anapiga tena. Mama alitoka kwenda nyuma ya nyumba kusukutua mdomo.

Bosi aliporudi alikuwa anatabasamu. Lile la Mwamgongo halijafunguliwa, alisema, mkewe atalimwaga. Kisha akakaa karibu yangu, akashusha sauti na kuniomba jambo hili lisifike kazini. Nyuma ya nyumba mama yake alikuwa bado anatema.