Jina la Studio Juu ya Uso wa Bibi Harusi

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Soni, mji wetu mdogo wa milimani, sikuruhusiwa hata kuigusa kamera. Nilipewa kitambaa nifute vumbi kwenye deki, mashine ya kunakilia kanda. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, kamera za video zimeanza kuingia madukani, na mwenye studio, yaani chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea, alitaka aitwe Mkurugenzi. Tukamwita.

Ninyi mnaorekodi kwa simu hamjui taabu ya maandishi. Yalikuwa ya aina mbili. Alama ya betri na saa vilipita kwenye waya wa picha kutoka kamera hadi deki. Usipobonyeza kitufe cha kuvificha, vinanakiliwa kwenye kanda ya mteja. Hivyo nilivimudu. Maandishi ya pili kamera iliyachapa kwenye kanda yenyewe wakati wa kurekodi, na hayo hayafutiki. Mkurugenzi aliagiza jina la studio lichapwe hivyo, chini ya picha, kwa herufi nene.

"Mzee, bibi harusi wa huku huinamisha kichwa," nilimwambia. "Uso utaangukia kwenye maandishi."

"Na wakidurufu kanda yangu, nani atajua ni kazi yangu? Chapa!"

Nikachapa. Harusi ilikuwa Gare. Bwana harusi mrefu, bibi harusi kainama pembeni yake, hakuinua uso tangu aingie kanisani hadi atoke, kama alivyofundwa. Watu wakamsifu kwa adabu.

Mwaka haukuisha, akafariki kwa uzazi. Mama yake akaja studio. Hakuwa na picha nyingine ya binti yake tangu awe mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, niondolee hayo maandishi nimwone."

Niliirudisha kanda ya asili kwenye kamera, nikaiunga na televisheni, nikazima kila kilichozimika. Betri ikatoweka, saa ikatoweka. Jina la studio likabaki palepale, toka paji la uso hadi kidevu. Nilimchukia Mkurugenzi siku ile, na sijaacha.

Mama akavua khanga aliyojitanda, akaifunikia televisheni.

"Mrudishe pale anapoulizwa na padri."

Nikarudisha. Ikasikika sauti ndogo: "Nakubali."

"Tena," akasema.

Nilistaafu macho yalipochoka. Vijana hunionyesha picha zao, safi, hazina herufi hata moja, nami nazisifu kwa moyo wote. Mama yule amezikwa Gare, na uso wa mwanawe hakuuona tena.